Jokofu la Volti 12 Milimani Dindira: Kompresa Hulaumiwa, Waya Ndio Wenye Kosa

Milima ya Usambara, kwa upande wake unaoelekea Korogwe, ndiyo iliyoibeba kata ya Dindira, nchi ya chai na mvua, ambako ukungu huweza kushuka alfajiri ukakaa hadi adhuhuri. Chini ya milima hiyo hupita mto Pangani, na katika wilaya hiyohiyo, pale Hale, maji ya mto yalianza kuzungusha mitambo ya umeme mwaka 1964, megawati 21 kwa jumla, kisha huko mbele kuelekea baharini ukajengwa mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani, uliokamilika mwaka 1995 na wenye nguvu ya megawati 68. Umeme huo ukasafirishwa kwenda mijini na viwandani, ilhali wakazi wa vitongoji vya juu, ambao mvua ya milima yao ni miongoni mwa zinazoujaza mto ule, waliendelea kwa miaka mingi kuwasha koroboi. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umezifikisha nguzo katika vijiji vingi vya Tanzania. Walakini mlima una tabia zake, na nyumba zilizotawanyika katika migongo na mabonde hazifikiwi zote kwa wakati mmoja. Hao waliobaki ndio walioigeukia sola, na nyuma ya sola likaja jokofu dogo la volti 12, ambalo ndilo maudhui ya makala haya.

Mgeni kutoka Tanga mjini, akiisha kujifunika blanketi usiku wa kwanza huko milimani, aweza kustaajabu mtu wa Dindira atakia nini jokofu. Lakini ubaridi wa hewa hauyazuii maziwa yaliyokamwa jioni yasichachuke kabla ya kupata mnunuzi asubuhi, wala hautoshi kwa chanjo za watoto wachanga, ambazo kanuni yake ni kuhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, usiku na mchana, pasi na kuzidi wala kupungua. Tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo uanzishwe mwaka 1975, zahanati zisizokuwa na umeme zilitegemea kwa miaka mingi jokofu la mafuta ya taa au la gesi, chombo kilichobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, ambacho hakina kompresa kabisa, bali hutumia moto kuchemsha amonia ili kuleta baridi. Kilikuwa chombo cha ajabu, na waliokijua hukisifu hata leo. Ila kilihitaji utambi safi, mafuta yasiyokatika, na mtu wa kukiangalia kila siku, na mambo matatu hayo hayapatikani mahali pamoja kwa urahisi.

Jokofu la betri, tofauti na hilo la moto, hutegemea kompresa, na kompresa iliyoitawala kazi ya majokofu hayo duniani kwa miongo kadhaa ni ile ya Danfoss, kampuni ya Denmark, katika aina zake za BD35 na BD50, zilizotengenezwa kwa miaka mingi mjini Flensburg, Ujerumani, na ambazo baada ya biashara hiyo kuuzwa mwaka 2010 zikaanza kubeba jina la Secop. Mtu huzikuta katika mashua za matajiri wa Ulaya, katika malori ya masafa, na katika majokofu ya chanjo. Zipo nyingine, nyingi zikitoka Uchina, zilizofuata mpango huohuo, hata yale nitakayoyasema yanazihusu nazo kwa sehemu kubwa, ingawa tarakimu ninazozitaja ni za BD. Mota yake haina brashi. Ndani mna sumaku ya kudumu inayozunguka katikati ya koili tatu, na koili hizo hulishwa kwa zamu na kisanduku cha kielektroniki kilichobanwa ubavuni mwa kompresa kwa skrubu moja. Kwa hiyo umeme wa betri haufiki kwenye mota kama ulivyo, bali hupita kwanza kwa mlinzi huyo, naye hupima, hukataa, hujaribu tena baada ya dakika moja hivi, na akikataa hutoa sababu. Mafundi wengi hawaijui tabia yake hii, na kutoijua huko kumewagharimu wenye majokofu fedha nyingi.

Fundi wetu wa kawaida wa friji amelelewa na umeme wa nyumbani, wa volti 230, na ustadi wake katika fani hiyo sina neno nao. Umeme ule una ukarimu wa kusamehe makosa. Jokofu dogo linalotumia wati 60 huvuta kwake robo ampea tu na kidogo juu yake, hata waya mwembamba ukiuvuta kutoka chumba hadi chumba hakuna hasara ionekanayo. Jokofu la wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5, na hapo hesabu hubadilika mara moja, kwa kuwa kinachopotea njiani hakitegemei wati bali ampea. Chukua, mathalani, waya wa taa wenye shaba ya milimita 1 ya mraba, uliotandazwa mita 10 kutoka betri iliyowekwa chumbani kwa hofu ya wezi hadi jokofu lililo dukani mbele. Kwenda na kurudi ni mita 20. Upinzani wake ni kama omu 0.35, zidisha kwa ampea 5, utaona kwamba volti 1.75 zimeliwa na waya kabla ya kufika kwa aliyetumiwa. Mashamba ya mwisho wa mfereji mrefu, kama wakulima wa milimani wajuavyo, hukauka ilhali chemchemi imejaa pomoni. Na lau mtu angepima chemchemi tu, angeapa kwamba maji yapo.

Hivyo ndivyo fundi anavyohadaika. Kile kisanduku cha kielektroniki, kwa desturi ya kiwandani, huikata kompresa pale volti zinaposhuka hadi 10.4, ili betri isinyonywe ikafa, na hakiiruhusu tena mpaka zipande hadi 11.7. Betri yenye volti 12 kamili, ikitoa ampea 5 kupitia waya ule wa taa, hufikisha volti 10.25, kompresa hunguruma kidogo, mlinzi huona upungufu, hukata. Ikiisha kukatwa hakuna ampea zinazopita, na pasipo ampea hakuna hasara ya njiani, hivyo volti hurudi 12 mbele ya macho ya kila mtu. Fundi huja na mita yake, hupima jokofu likiwa limenyamaza, husoma 12, hutikisa kichwa na kusema, "Mzee, umeme unafika vizuri, hii kompresa imekufa." Na mzee, ambaye hana mita wala hoja, hushika njia ya kwenda Korogwe mjini, na pengine Tanga, kutafuta kompresa ya pili, ambayo ikiisha kufungwa kwa waya uleule hufanya vilevile, na hapo hulaumiwa muuzaji.

Dawa yake ni nyepesi kuisema. Mita huwekwa kwenye terminali za kisanduku chenyewe, ile ya kujumlisha na ile ya kutoa, na husomwa katika nukta ileile kompresa inapojaribu kuwaka, si kabla wala si baada. Kisha huwekwa kwenye nguzo za betri, jaribio lirudiwe. Tofauti ya masomo mawili hayo ndiyo hasara ya njiani, na ikizidi nusu volti, basi mtuhumiwa amepatikana kabla ya kufungua skrubu yoyote ya jokofu. Watengenezaji walitoa kipimo cha waya ambacho hata asiyesoma fizikia aweza kukihifadhi kichwani: kwa volti 12, kila milimita ya mraba ya shaba huruhusu mita moja ya umbali, yaani waya wa milimita 2.5 usizidi mita 2.5, wa milimita 4 usizidi mita 4, wa 6 mita 6, na wa 10 mita 10; na kwa mfumo wa volti 24 umbali huo huongezwa maradufu. Waya mnene ni ghali, sikatai. Lakini ikhtiari ipo: lisogeze jokofu karibu na betri, uache taa na redio ziende mbali, kwa kuwa hizo hazili ampea nyingi.

Waya huo nao haufai kuungiwa popote. Uende moja kwa moja kwenye nguzo za betri, usitolewe kwenye matundu ya mzigo ya kontrola ndogo ya sola iliyonunuliwa kwa ajili ya balbu nne, na fyuzi ya ampea 15 iwekwe kwenye waya wa kujumlisha jirani kabisa na betri, au ampea 7.5 ikiwa mfumo ni wa volti 24. Swichi ya kuzimia isiwekwe katika njia hii kuu, maana kila swichi ni mahali pa kuungua na kupoteza volti. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufungia nailoni, ambavyo katika volti 230 huishi miaka, katika volti 12 hushika kutu ya kijani kwa unyevu wa milimani, vikawa upinzani mpya ambao macho hayauoni. Mkono huuona: kiungo kilicho moto wakati jokofu linafanya kazi ni kiungo kibovu.

Sasa tuje kwa thamostati, ambapo makosa ya mafundi ni ya namna nyingine. Yenyewe ni chombo cha kale na cha insafu: bomba jembamba la shaba lililojazwa gesi, ncha yake imebanwa kwenye ubati wa barafu, na gesi ile ikipata joto hutanuka, ikasukuma kiwambo, kiwambo kikafunga mguso; ikipoa hunywea, mguso ukafunguka. Katika jokofu la nyumbani, mguso huo hukata umeme wote uendao kwenye kompresa. Katika jokofu la betri haufanyi hivyo hata kidogo. Hapa thamostati huunganishwa kwenye terminali mbili ndogo za kisanduku, iliyoandikwa C na iliyoandikwa T, na kinachopita kwake ni ishara dhaifu tu ya kumwambia mlinzi washa au zima. Fundi aliyezoea la nyumbani huichomoa huko akaipachika katika waya mnene wa betri, akidhani amerekebisha kosa la kiwanda, na matokeo yake ni mguso kuungua baada ya muda, kwa sababu umeme wa betri, usiopanda na kushuka kama ule wa gridi, cheche yake haizimiki kwa wepesi mguso unapoachana.

Kuna jambo la kupendeza hapa ambalo sijaona likitajwa na mafundi wetu. Kisanduku hupima upinzani ulioko baina ya C na T, na kwa upinzani huo huamua kompresa izunguke kwa kasi gani: pasipo upinzani, mizunguko 2,000 kwa dakika, rezista ya omu 277 ikitiwa, 2,500, omu 692, mizunguko 3,000, na omu 1,523, mizunguko 3,500. Ni mpango wa hekima, maana mwenye jua haba huchagua kasi ndogo, akatumia umeme kwa uchumi. Lakini fikiri nini hutokea mguso wa thamostati ukiota kutu: upinzani huzaliwa pasipo kuitwa, kompresa huongeza kasi, na betri iliyokuwa ikifika asubuhi haifiki tena. Mwenye jokofu hununua betri mpya. Na mgonjwa alikuwa kidude cha bei ndogo.

Kuijaribu thamostati ni kazi ya waya mfupi. Unganisha C na T moja kwa moja, ukiiruka. Kompresa ikiwaka, thamostati au nyaya zake ndizo zenye kasoro, na shughuli imekwisha. Ikiwa jokofu linawaka lakini halikomi, maziwa yanaganda na betri zinakwisha kabla ya jogoo, usikimbilie kubadilisha kitu. Fungua utazame ile ncha ya bomba kama bado imebanwa mahali pake, kwa kuwa ikibanduka hupima hewa badala ya ubati, ikaamini daima kwamba ndani kuna joto. Kwa jokofu la chanjo jambo hili ni zito mno. Watu wengi hudhani adui wa chanjo ni joto peke yake, ilhali chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda na nyingine za jamii hiyo zikiganda mara moja huharibika, na zikiyeyuka hurudi katika sura ya kawaida, hata muuguzi asiwe na la kushuku kwa kutazama tu.

Ikiwa C na T zimeunganishwa na kompresa bado imegoma, ni wakati wa kumsikiliza mlinzi. Kitaa kidogo cha LED kikiunganishwa kati ya terminali ya kujumlisha na ile ya D hukonyeza idadi fulani, hupumzika, hurudia, kila baada ya sekunde nne. Konyezo moja maana yake volti hazitoshi, na kwa kadiri nionavyo hii ndiyo shutuma inayopaswa kutangulia nyingine zote katika nyumba za sola. Mawili, feni inavuta zaidi ya ampea moja, yaani feni imekwama au ina shoti; ichomoe, ujaribu bila yake. Matatu, mota imeshindwa kuanza, pengine kwa sababu shinikizo la gesi halijasawazika baada ya kuzimwa ghafla, na subira ya dakika chache huweza kuwa matibabu tosha. Manne, imeanza lakini imeshindwa kushika mizunguko 1,850 kwa dakika ambayo ndiyo ya chini kabisa, kwa kulemewa. Matano, kisanduku chenyewe kimepata joto mno, jambo la nadra Dindira lakini la kawaida huko chini tambarare, ambako mtu huliegemeza jokofu ukutani karibu na jiko, vumbi likajaa kwenye mabomba ya nyuma, kisha akalalamika kwamba halipoi.

Yakiisha hayo yote, ndipo mtu anapokuwa na haki ya kuigusa kompresa yenyewe, na hata hapo hadhari inahitajika. Kompresa ya nyumbani ina pini tatu zenye masomo matatu tofauti, na fundi amefundishwa kwamba mawili yakijumlishwa huwa sawa na la tatu. Kompresa ya betri nayo ina pini tatu, ila masomo yake yote ni sawasawa, kama omu 2 hivi kwa kila jozi. Fundi wa nyumbani akiyaona hayo hutoa hukumu ya shoti, na chombo kizima hutupwa. Ukweli ni kinyume chake: masomo yakilingana, koili ni salama, yakitofautiana sana, au pini mojawapo ikionyesha njia kuelekea kwenye mwili wa chuma, hapo ndipo imekufa. Wala asithubutu mtu kuipa kompresa hiyo volti 12 moja kwa moja kwenye pini ili kuijaribu, maana koili hulishwa kwa zamu na kisanduku tu, na umeme wa betri ukiachiwa hivyo huziunguza. Koili zikiwa salama na volti zikiwa timamu, kisanduku ndicho cha kubadilisha, nacho huuzwa peke yake, pasi na kuigusa gesi. Gesi huguswa pale tu kompresa inapozunguka vizuri, ampea zikawa chini ya kawaida, na ubati usipate baridi. Na anayeongeza gesi bila kutafuta mahali ilipotokea anaiuza mara mbili.

Limebaki suala la ukungu. Masika, paneli ya Dindira huweza kukaa siku kadhaa bila kuliona jua ipasavyo, na betri ya asidi inayoshushwa kila usiku hadi volti 10.4 haina umri. Rezista inayofaa ikiwekwa kati ya terminali ya C na ile ya P hukipandisha kile kikomo cha kukata hadi kama volti 11.3, jambo ambalo ningelishauri kwa kila mwenye betri ya gari, kwa sharti kwamba waya uwe mnene kwanza, la sivyo jokofu halitawaka kabisa. Kwa chanjo, wataalamu wamechagua njia nyingine. Mradi wa SolarChill, ulioanzishwa mwaka 2001 na washirika ambao ndani yao walikuwamo Danfoss, Greenpeace, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na uliojaribiwa pia jirani zetu Kenya, uliiondoa betri moja kwa moja: jua huendesha kompresa mchana, kompresa hugandisha barafu, na barafu ndiyo inayolinda usiku. Majokofu ya namna hiyo, ili yakubalike na Shirika la Afya Duniani, ni lazima yastahimili angalau siku tatu bila jua. Naona hiyo ndiyo njia bora kwa zahanati ya milimani, si kwa sababu barafu ni mpya, bali kwa sababu betri ndiyo kiungo kinachokufa kwanza na kinachokosa fedha ya kukibadilisha.

Kwa muuza duka na mfugaji, hata hivyo, jokofu la betri litaendelea kuwapo, na maelekezo yake yataendelea kuja yameandikwa kwa lugha za Ulaya na kuwekwa uvunguni pamoja na boksi. Vyuo vyetu vya ufundi, vya VETA na vya watu binafsi, vingefanya hisani kubwa kwa kutoa karatasi moja ya Kiswahili yenye kipimo cha waya, matumizi ya terminali za C, T na D, na maana ya yale makonyezo matano, ikabandikwa ubavuni mwa kila jokofu linalouzwa. Mpaka hapo, ewe mwenye jokofu, fundi akikuambia kompresa imekufa, mwombe kwa adabu aweke mita kwenye kisanduku na akuonyeshe volti wakati kompresa inapojaribu kuwaka. Na asipokuwa tayari kufanya hivyo, usimlipe, mwite mwingine.